Video inayokwama haiponi kwa kuongeza RAM

Mafundi wengi bado wanashauri: video ikikwamakwama, ongeza RAM. Kama laptopu ina GB 8 na nusu haijatumika, pesa hiyo itapotea bure. Mzigo wenyewe ni kufumbua video iliyobanwa. YouTube hutumia sana VP9, na sasa AV1, ambazo ni mbinu za kubana video. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 hazina sakiti kamili ya kufumbua VP9. Za kizazi cha 7 zinayo. Bila sakiti hiyo prosesa nzima inahangaika, feni inavuma, picha zinaruka.

Fungua Task Manager ya Windows video ikicheza: CPU (yaani prosesa) ikifika asilimia 100 huku RAM ina nafasi, mchawi umemwona. Punguza ubora wa video hadi 720p kwanza. Na ukienda kununua laptopu ya mtumba, kwa video za VP9 yenye prosesa ya i5-7200U (kizazi cha 7) itakufaa kuliko yenye i7-6500U (kizazi cha 6).