Ripoti nyingi ndo zinafungisha akaunti?
Wengi tunaamini akaunti ya matusi ikiripotiwa na watu mia inafungwa yenyewe, ndo maana kwenye magrupu utaona linki inarushwa "jamani turipoti wote". Naelewa, mtu wako akitukanwa unataka kumsaidia haraka. Ila mitandao mikubwa imeandika kwenye kurasa zake za msaada kwamba idadi ya ripoti siyo inayoamua, kinachoangaliwa ni kama sheria imevunjwa, hata ripoti moja inaweza kutosha. Cha muhimu ni kulenga: kama tusi liko kwenye jina la mtumiaji, labda o imewekwa 0 na i imewekwa 1 ili lipite, ripoti profaili yenyewe, usiripoti picha yake ya maua maana anayekagua ataletewa hayo maua. Na piga skrinshoti kwanza, jina linabadilishwa muda wowote. Kuhusu hofu kwamba atajua ni wewe, kwa kawaida haambiwi, isipokuwa madai ya hakimiliki, hapo jina lako linaweza kumfikia. Hakikisha mwenyewe, ingia sehemu ya msaada ya mtandao unaotumia utafute "ripoti", halafu soma majibu ya ripoti zako za nyuma kama yamehifadhiwa.