Nyumba Ikiwa Nzito: Fungua Madirisha Kabla ya Kufukiza

Mwaka 1912 familia moja nchini Marekani ilihamia nyumba kuukuu. Haukupita muda wakaanza kusikia nyayo usiku, kuumwa vichwa na kuhisi wanatazamwa. Watoto walisawijika, mimea ya ndani ikanyauka. Daktari William Wilmer alichapisha kisa hicho mwaka 1921, pamoja na chanzo chake: tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, na moshi wake ulikuwa ukirudi vyumbani badala ya kutokea dohani. Kilichowaandama ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Ndiyo maana sisi wa afya ya mazingira hatumpuuzi mtu anayesema nyumba yake ina nguvu mbaya. Anachokihisi anakihisi kweli. Kazi ni kujua kimetoka wapi, na mara nyingi tunaanza na hewa. Tangu mwaka 1858, mwanasayansi wa afya Max von Pettenkofer wa Ujerumani alishauri kwamba hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua, isizidi chumbani sehemu 1,000 katika milioni. Watu wakilala chumba kimefungwa, kiwango hicho hupitwa kwa urahisi, nao huamka na uchovu.

Chumvi inayowekwa pembeni ili inyonye mabaya nayo ina habari yake. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi huvuta maji na kuloa. Wengi huona hapo kwamba imekamata kitu. Imekamata unyevu, na unyevu wa kiasi hicho huotesha ukungu ukutani. Usiitupe tu chumvi hiyo. Angalia nyuma ya kabati.

Kuhusu ubani, mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kemikali yake moja hupunguza wasiwasi kwa panya. Hilo halitoshi kuthibitisha kwamba moshi wake humtuliza binadamu. Ibada yenyewe, hata hivyo, ina nguvu zake: watafiti Michael Norton na Francesca Gino walionyesha mwaka 2014 kwamba kutimiza ibada hupunguza majonzi, hata kwa wasioamini ibada. Kwa hiyo hatumkatazi mtu kufukiza. Tunachokataa ni kufukiza milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Shirika la Afya Duniani linataka chembe laini za moshi na vumbi hewani zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na chetezo kimoja katika chumba kilichofungwa huvuka hapo kwa mbali. Mkaa wake, tena, hutoa gesi ileile iliyoitesa familia ile ya mwaka 1912. Wenye pumu na watoto wachanga watolewe nje kwanza.

Kama kichwa kinakuuma ukiwa ndani na kupona ukitoka, na wenzako wanalalamika vivyo hivyo, usiwashe chochote. Tokeni nje wote, muende hospitali, na muwaambie wahudumu mnahofia kaboni monoksidi. Msirudi ndani hadi jiko, jenereta na dohani vikaguliwe.