Kumble hakugeuza mpira? Haya, tuanze na upana wa bati

Nimeisikia tena wiki hii, ile kauli kwamba Anil Kumble, mrushaji wa kriketi wa India, hakugeuza mpira, na safari hii sinyamazi. Kijana mmoja, mrushaji mzuri tu wa legi-spini (kurusha kwa kuuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono ili ugeuke baada ya kudunda), amemaliza mazoezi ya neti, akafungua simu kunionyesha ule mpira wa Shane Warne wa Australia uliogeuka sana pembeni ukamtoa Mwingereza Mike Gatting kule Old Trafford, Manchester, mwaka 1993. Mpira mtamu, sibishi. Kisha akaongeza: "Huyu ndiye spina, kocha. Kumble alikuwa anarusha moja kwa moja tu."

Moja kwa moja! Anil Kumble alichukua wiketi 619 za Testi, yaani aliwatoa wapigaji 619 katika zile mechi ndefu za kimataifa za siku tano. Hakuna Mhindi aliyemfikia. Kama hizo zilipatikana kwa mipira iliyonyooka, basi wapigaji wa dunia nzima walikuwa vipofu kwa miaka 18, kuanzia 1990 hadi 2008.

Tatizo ni kwamba watu wanampima mrushaji wa spini kwa kile kinachopendeza kwenye video. Hebu chukueni rula. Sheria za kriketi haziruhusu bati, kile kibao cha kupigia mpira, kuzidi sentimita 10.8 kwa upana. Mpigaji akilileta bati lake sawasawa kwenye mstari wa mpira, kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita tano na ushee. Mpira ukihama sentimita sita au saba baada ya kudunda, unagusa ukingo na kuruka hadi slipu, yaani mdakaji aliyesimama kando ya kipa nyuma ya mpigaji. Ukihama thelathini, unapita mbali na bati, kipa anaudaka, watazamaji wanapiga kelele, na mpigaji anarekebisha glavu zake akiwa palepale kwenye krizi, eneo lake la kupigia. Mpira wa namna hiyo ni kama dalali mwenye maneno mengi: kila mtu anamgeukia, hakuna anayenunua.

Na hizo sentimita sita zina thamani pale tu mpigaji anapokosa muda wa kuzifuata. Hapo ndipo kasi inapoingia. Kumble alianza utotoni kama mrushaji wa kasi, na hata alipohamia spini aliendelea kuusukuma mpira, mara nyingi kilomita 90 kwa saa au zaidi. Legi-spini wengi huogopa kasi hiyo kwa sababu inawanyima mzunguko. Yeye alikuwa na urefu wa zaidi ya futi sita, mkono unatoka juu kabisa, na spini yake nyingi ilizunguka kwenda mbele, si pembeni. Hili ndilo wanaoangalia kwa kamera ya nyuma hawalioni kamwe. Spini ya mbele inauvuta mpira chini mapema kuliko mpigaji alivyotarajia, kisha inaudundisha juu kuliko alivyotarajia. Mpira haugonji katikati ya bati. Unagonga kwenye glavu au karibu na mpini, na pale shoti-legi, hatua chache tu kutoka kwa mpigaji, kuna mtu amechuchumaa anasubiri. Halafu, baada ya mipira minne ya namna hiyo, linakuja flipa: linateleza chini, mpigaji amerudi nyuma akisubiri mdundo, pedi ya mguu iko mbele ya stampu, vile vijiti vitatu anavyovilinda. LBW: anatolewa kwa sababu mguu umezuia mpira uliokuwa unaelekea kwenye stampu. Mpira haujahama pembeni hata kidogo. Umehama juu na chini. Hiyo nayo si spini?

Someni kadi ya matokeo ya Delhi, India dhidi ya Pakistan, Februari 1999, uwanja wa Feroz Shah Kotla. Pakistan wanafukuza mikimbio 420, yaani pointi wanazohitaji kushinda, wanafika 101 bila kupoteza wiketi, wapigaji wao Saeed Anwar na Shahid Afridi wanacheza kama wako nyumbani. Kisha Kumble anawatoa wote kumi akiruhusu mikimbio 74 tu, Pakistan wanaishia 207. Mtu wa pili tu kufanya hivyo katika Testi baada ya Mwingereza Jim Laker mwaka 1956, kabla ya Ajaz Patel wa New Zealand kuongeza jina lake mwaka 2021. Sasa hesabuni jinsi walivyotoka. LBW watatu. Waliong'olewa stampu, wawili. Watano walidakwa: kipa, slipu, na karibu na bati. Hakuna hata mmoja aliyetoka nje ya krizi akapitwa na mpira, akatolewa na kipa. Wiketi zote kumi zilitokana na upungufu wa sentimita chache.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu yanajulikana. Mzaliwa wa Bangalore, 1970, mhandisi wa mitambo kwa shahada. Wiketi 6 kwa mikimbio 12 dhidi ya West Indies, fainali ya Hero Cup, Eden Gardens, 1993. Kombe la Dunia la 1996, lile la kwanza kwa Kenya yetu, hakuna aliyemzidi kwa wiketi. Antigua 2002, taya limevunjika, kichwa kimefungwa bandeji, anarusha ova 14 (kila ova ni mipira sita) na kumtoa Brian Lara, nyota wa West Indies. Picha hiyo mmeiona. Inasema mengi juu ya moyo wake, lakini watu huitumia kukwepa kuzungumzia ufundi wake, na hilo nalo linaniudhi.

Sasa upande ambao mashabiki wake hawapendi. Nchini India alichukua wiketi 350 kwa wastani wa chini ya mikimbio 25 kwa kila wiketi, na kwa mrushaji wastani mdogo ndio bora. Nje ya India, 269 kwa zaidi ya 35. Pengo hilo siwezi kulifunika kwa maneno. Pichi za India, ule ukanda mpira unapodundia, zilimpa mdundo wa juu na wa chini aliouhitaji. Kwingine mpira ulidunda sawasawa, na spini ya mbele peke yake ikawa chakula cha wapigaji wazuri. Baada ya upasuaji wa bega mwaka 2001 alirudi na gugli bora (mpira unaogeuka kinyume na mpigaji anavyotarajia) na mipira ya polepole zaidi, na Australia ya 2003-04 alichukua wiketi 24 katika Testi tatu, 12 zikiwa Sydney. Je, ni ufundi uliokomaa, au ni mfululizo mmoja mzuri? Nabadilisha mawazo kila ninapoutazama.

Jambo jingine linalonisumbua ni waamuzi. Enzi zake, mpigaji aliyenyoosha mguu mbele alisamehewa LBW karibu kila mara. Mfumo wa rufaa, unaomruhusu mchezaji kupinga uamuzi kwa msaada wa video, ulijaribiwa kwa mara ya kwanza katika Testi kule Sri Lanka, Julai 2008, yeye akiwa nahodha wa India, na rufaa za India zikagonga mwamba karibu zote. Novemba akastaafu. Angecheza miaka kumi baadaye, naamini wastani wake wa ugenini ungeshuka. Kiasi gani, hapo ni kubahatisha.

Mtaniuliza: basi mbona hakuna Kumble wa pili? Kwa sababu bila kimo kile na mkono ule, unachopata ni mrushaji wa kasi ndogo anayepigwa sita, mpira ukivuka mpaka wa uwanja bila kudunda. Kwa upande wa pili, Mkenya mwenzetu Collins Obuya aliiangusha Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana mwaka 2003, wiketi 5 kwa mikimbio 24, kwa legi-spini ya kupeperusha na kugeuza. Miaka michache baadaye alikuwa anaishi kwa bati, urushaji umemtoroka. Njia ile nyingine nayo haina huruma.

Kwa hiyo mwaka huu nimeanza kuwafundisha vijana wangu topispini, ile spini ya mbele, kabla ya legi-breki, ile ya kugeuza pembeni. Makocha wenzangu wananiambia nitawaharibu viganja. Huenda.