Binti Aliyetekwa: Kumwandika Mateka Asigeuke Mzigo

Perseus anapita, anamkuta Andromeda amefungwa mwambani akisubiri kuliwa na dubwana la baharini, anamuua dubwana, kisha anamuoa binti. Kisa hiki cha Wagiriki wa kale kina viungo vyote ambavyo fasihi pendwa ingali ikivitumia: mnyonge, tishio, mwokozi na zawadi. Wapo wanaotaka mbinu hii ya binti anayetekwa na kuokolewa itupwe kabisa. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu inafanya kazi kubwa mno kwenye msuko.

Mateka humpa shujaa mambo matatu kwa mpigo: lengo, mahali pa kwenda, na muda wa mwisho. Mtunzi hahitaji kurasa za maelezo. Binti akishachukuliwa, msomaji anajua nini kinatakiwa kifanyike na kwamba saa inakwenda. Ila tazama vyote hivyo vinaenda kwa nani. Shujaa amepata kila kitu, na aliyetekwa hajapata chochote. Kosa haliko kwenye kutekwa, maana watu hutekwa, wake kwa waume. Kosa ni kwamba tangu anapofungwa mpaka anapofunguliwa hafanyi uamuzi hata mmoja.

Kupima ni rahisi. Chukua mswada, mahali penye binti weka sanduku la dhahabu, kisha usome upya sura za utekaji. Kama hadithi inakwenda vilevile, ulichoandika ni sanduku. Mwandishi wa vibonzo Kelly Sue DeConnick alipendekeza kipimo cha namna hii akitumia taa, nacho kinauma kwa sababu miswada mingi inaangukia hapo.

Watu wengi wakisikia habari ya mtu kufungwa relini humfikiria msichana anayepiga mayowe. Katika tamthilia ya Augustin Daly, Under the Gaslight, iliyochezwa New York mwaka 1867 na kulipa umaarufu tukio hilo, aliyefungwa relini ni mwanamume, Snorkey. Laura, mwanamke, yuko kwenye kibanda kilichofungwa kwa nje na anaona kila kinachotendeka. Garimoshi linakuja. Laura anaupasua mlango kwa shoka na kumtoa Snorkey dakika ya mwisho. Angalia ufundi wake: anayetakiwa kuokoa naye amefungiwa, kuna kifaa ndani ya kibanda, na kuna muda unaosikika kwa masikio. Taharuki inatoka kwenye mikono ya mtu anayefanya kazi.

Kwa hiyo kazi ya mtunzi inaanza kabla ya kamba. Mpe binti angalau matukio mawili, mapema, ambamo anatafuta jambo lake mwenyewe lisilomhusu shujaa: deni, kesi, ndugu aliyepotea, ugunduzi. Kisha utekaji utokane na jambo hilo. Mhalifu amchukue kwa sababu ya anachokijua au alichonacho. Akichukuliwa kwa kuwa tu shujaa anampenda, umeshamgeuza chambo. Na ukimteka ukurasa wa kumi, msomaji hajapata nafasi ya kumjali, kwa hiyo hataogopa.

Akiwa kifungoni anahitaji habari, kifaa na uamuzi wenye gharama. Tuseme rasimu inasema: “Nuru alilia usiku kucha akimwomba Mungu Juma afike.” Kilio ni haki yake, lakini hakisogezi kitu. Jaribu hivi: “Mlinzi alileta maji kwa mkono wa kushoto. Jana alitumia wa kulia. Nuru alikiacha kikombe kimponyoke. Mlinzi alipoinama kukiokota aliuma meno, akajishika ubavu wa kulia, na funguo zikaning’inia upande huo huo.” Hofu bado ipo, tena imezidi, kwa sababu sasa msomaji anajua kuna nafasi na anajua inaweza kupotea. Ona pia gharama: amemwaga maji pekee aliyopewa. Bila gharama hiyo, ujanja wake ungesomeka kama sadfa.

Suala la mtazamo, yaani hadithi inaonwa kwa macho ya nani, halihitaji maneno mengi: mpe binti sura zake. Ukikaa na shujaa sura tatu mfululizo, kifungo kinapoa na msomaji anaacha kuhesabu muda.

Makosa yanayojirudia kwenye miswada yanajulikana. La kwanza ni mwanamke shupavu anayelegea ghafla: sura ya tatu kawaangusha wanaume watatu, sura ya ishirini anabebwa na mmoja. Msomaji anaona mkono wa mtunzi. Suluhisho ni kuonyesha alivyoshindwa, kwa idadi yao, kwa dawa kwenye kinywaji, au kwa yeye mwenyewe kujisalimisha ili mtoto aachiwe. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwani kutekwa kwenyewe kunakuwa uamuzi wake.

La pili ni jaribio la kutoroka linaloishia pabaya zaidi na kumlazimu shujaa afanye kazi mara mbili. Hapo hadithi inamwadhibu binti kwa kuthubutu. Jaribio likishindwa, liache kitu: komeo lililolegea, mlinzi aliyejeruhiwa, alama ambayo watafutaji wataikuta.

Kumuua binti ili tu shujaa apandwe na hasira ni kosa zito zaidi. Mwaka 1999 mwandishi Gail Simone alikusanya orodha ndefu ya wanawake wa vibonzo waliouawa au kuumizwa kwa namna hiyo, akaipa jina kutokana na toleo la mwaka 1994 la kibonzo cha Green Lantern ambamo shujaa anaukuta mwili wa mpenzi wake kwenye jokofu. Kama kifo chake hakibadilishi chochote isipokuwa hasira ya mtu mwingine, tafuta sababu nyingine ya hasira hiyo. Vivyo hivyo vitisho vya ubakaji vinavyowekwa kama kiungo cha kuchangamsha sura: vifute. Na wanaodhani wametibu tatizo kwa kumfunga mwanamume badala ya mwanamke, huku naye hana analoamua, wamebadili jina la mhusika bapa tu.

Imebaki sura ya baada ya kuokolewa, ambayo hurukwa mara nyingi. Perseus alioa palepale. Mhusika wako asiingie kwenye mapenzi akiwa bado na alama za kamba. Weka matukio mawili au matatu katikati: vidole vinavyokataa kushika kalamu, usingizi wa kukatika, hasira kwa aliyechelewa kufika. Kisha arudi kwenye lile jambo alilokuwa akilitafuta kabla hajatekwa, akiwa na habari alizozipata mle ndani, na pambano la mwisho limtegemee yeye kwa habari hizo.