Mkono unakufa ganzi na bado unasema umeulalia?

Siku ya Fiziotherapia Duniani ni tarehe 8 Septemba na kila kitengo kimeambiwa kiandike kitu kwa ajili ya wananchi, mimi nimechagua wapiga gita maana ndo wanaoijaza foleni yetu ya fiziotherapia (tiba ya viungo) siku hizi, wa bendi na wa kwaya, wengi wanakuja wameshamaliza chupa tatu za mafuta ya kuchua.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku ukaanza kukung'uta mkono, mara nyingi ni neva imebanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Hujarogwa na mpiga solo wa bendi nyingine jamani. Umepiga masaa matatu kifundo kimekunjwa kwa sababu gita linaning'inia karibu na magoti, eti ndo swaga.

Fanya hivi leo. Chukua kiti kisicho na mikono, kaa nyayo zote zikiwa chini, vaa mkanda hapohapo ukiwa umekaa, uvute mpaka ukaze huku gita liko pale mkono wa kushoto unapofika bila kifundo kujikunja. Sasa simama. Gita likishuka, mkanda ni mrefu, kaa tena uupunguze. Kimo cha kukaa na cha kusimama kinatakiwa kiwe kimoja, la sivyo kila shoo mwili unajifunza upya.

Uzito nao. Les Paul, gita la umeme la Gibson, inaweza kuzidi kilo 4, ukiibeba kwa mkanda mwembamba kama wa pochi bega litakudai, tafuta wa sentimita 7 au 8. Kuna magita kichwa kinavuta chini, SG, ya Gibson pia, ina sifa hiyo, hapo mkono wa kushoto unabeba na kubonyeza nyuzi kwa wakati mmoja, na vidole vinachoka kabla wimbo haujafika sebene. Mkanda wa ngozi yenye ukwaru upande wa ndani unasaidia kuzuia kichwa kisishuke.

Wale wa gita la klasiki wanaoweka kigoda chini ya mguu wa kushoto, mtindo uliosambazwa na mpiga gita Tárrega wa Hispania, sina ugomvi nao, ila mgongo ukianza kuuma jaribuni kile kishikizo cha gita cha kuweka pajani, miguu yote ibaki chini. Na anayesema kupiga umekaa ni uzee, Franco Luambo alikaa kwenye kiti jukwaani na watu wakacheza mpaka asubuhi.

Kuhusu kuja kwetu naomba msome vizuri. Uje na barua ya rufaa, barua iwe na muhuri, muhuri usipokuwepo unarudishwa hata kama umetoka mbali. Uje na gita na mkanda wako uleule, tunataka kuona unavyokaa, amplifaya acha nyumbani (yupo aliyekuja nayo na ekstensheni). Ukichelewa dakika 15 unapisha mwingine. Ukikosa miadi moja bila taarifa unawekwa mwisho wa foleni, ukikosa mbili jina linafutwa na barua inatakiwa mpya, sio fotokopi, sio picha ya kwenye simu, na kunipigia simu mimi binafsi hakubadilishi chochote. Kama ganzi imeshafika kwenye kuangusha kikombe cha chai, usisubiri tarehe 8, njoo kesho.