BK ni baada ya nini hasa?

Ukikuta "mwaka 70 BK" kitabuni, ni rahisi kudhani hesabu inaanzia pale Yesu alipokufa, kwa vile "Baada ya Kristo" inasikika hivyo. Sivyo. Inaanzia kuzaliwa kwake; ingeanzia kifo, ile miaka thelathini na kitu aliyoishi ingekosa pa kuwekwa. Kilatini husema Anno Domini, yaani "katika mwaka wa Bwana". Watu wa pwani wanaposema mwaka wa Miladia ndio wanaolenga shabaha, maana asili yake ni Kiarabu, milad, kuzaliwa.

Wakristo wa kwanza hawakuijua hesabu hii. Luka mwenyewe anataja "mwaka wa kumi na tano" wa kutawala kwake Kaisari Tiberio. Huko Misri miaka ilihesabiwa tangu Kaisari Diocletian wa Roma alipoanza kutawala, mwaka 284, na majedwali ya tarehe za Pasaka ya Aleksandria yakafuata mtindo huo.

Mwaka 525 mtawa Dionysius Exiguus, akiwa Roma, aliandaa mwendelezo wa jedwali lililokuwa likikaribia kwisha. La zamani lilikoma mwaka wa 247 wa Diocletian. Dionysius hakutaka kuandika 248. Diocletian aliwatesa Wakristo vikali. Iweje Pasaka ipangwe kwa jina lake? Akaandika 532, akihesabu tangu Bwana kutwaa mwili. Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, wao waliacha namba zilivyo, wakabadili jina tu: mpaka leo huiita hesabu ya Mashahidi, yaani waliouawa kwa imani yao.

Kwa hiyo Dionysius hakuwa akiandika historia. Alikuwa akitafuta tarehe ya sikukuu. Aliyeipeleka hesabu yake kwenye historia ni mtawa Bede wa Uingereza, katika kitabu alichokimaliza mwaka 731.

Hesabu yenyewe ina kasoro. Mathayo anasema Yesu alizaliwa zama za Herode, na wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode mwaka 4 KK. Basi Kristo alizaliwa Kabla ya Kristo! Tena hakuna mwaka sifuri: 1 KK ukiisha, unaingia 1 BK. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa mwaka 10 KK, akifika siku yake ya kuzaliwa mwaka 10 BK, anatimiza miaka 19, si 20.