Miti ya winta haijafa, isogelee uone gome

Kuna hiki kitu watu wanapenda kusema wakifika Marekani au Kanada wakakuta winta, eti miti yote imekufa, vimebaki vijiti vya kijivu tu mpaka majani yarudi. Sio kweli kabisa jamani. Mti umedondosha majani, uhai uko ndani, kwangua kidogo kijitawi kwa ukucha utakuta kijani chini ya ganda.

Na kijivu gani hicho? Kasimame karibu na betula, ule mti mweupe, gome lake linabanduka jembamba kama karatasi, na pale lilipobanduka unakuta pinki hafifu, alafu kuna vimistari vyeusi vimelala, hivyo ndo matundu ya kupitishia hewa. Weupe wenyewe una kazi, unatokana na betulini, kemikali nyeupe iliyo kwenye gome, na unarudisha mwanga, maana jua la winta likipasha shina upande mmoja mchana alafu usiku baridi kali ikapiga ghafla, gome linaweza kupasuka. Aspeni, mti mwingine wa huko, nayo gome lake lina ukijani sababu lina klorofili, ile rangi ya kijani ya majani inayotumia mwanga kutengeneza chakula, siku baridi ikipungua linatengeneza chakula na hakuna jani hata moja mtini!

Mi naona winta ndo wakati mzuri kuliko wote wa kuangalia mashina, kiangazi majani yanaficha yote haya. Tafuta asubuhi yenye theluji na jua la pembeni, usogee mpaka uguse. Ila gome la betula usilibandue, likitoka mpaka ndani linaacha kovu jeusi lisiloondoka.